Mdunguaji wa Kisarawe

Latifu ana mdomo. Simsifu wala simsemi, nasema tu kama mtu anavyosema kuku ana manyoya. Ukimkuta anakunywa chai anaongea, ukipita nyuma ya nyumba anaoga utamsikia anaongea, na siku moja nilimfumania kituoni anabishana na tangazo la ukutani. Kazi yake nayo ni hiyohiyo. Anatafsiri picha katika banda la video la Gregori, hapa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Anakaa pembeni ya televisheni na maiki yake, Wazungu wanasema ya kwao, yeye anasema ya kwake, na watu wanamwamini yeye kuliko wale Wazungu wenyewe.

Mimi, Raudha binti Mwishehe, ndiye niliyetaka kuolewa na mdomo huo. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nashona kwa shangazi yangu Zuleha, jirani kabisa na banda, na sauti ya Latifu ilikuwa inapita juu ya mabati inaniingilia mpaka kwenye cherehani. Nikawa nashona nacheka, nashona nacheka, mpaka siku moja nikamwekea mteja mkono wa gauni mahali pa shingo. Shangazi akalitazama gauni, akanitazama mimi, akasema, "Huyo kijana aje atoe posa, kabla hujaniua biashara."

Posa ikaenda kwa baba, Kisarawe. Mshenga alikwenda kwa heshima zote, barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe, maneno yamepangwa. Baba akaipokea, akasema, "Tumesikia." Basi. Mfungo ukaingia, mfungo ukatoka, Idi tukaila, baba kimya.

Inabidi umjue baba. Mzee Mwishehe analima mihogo na mahindi, na anapolinda shamba hapigi debe wala hapigi kelele kama wenzake. Anakaa kichakani na manati yake, mswaki mdomoni, kipara chake kimetulia tuli, mpaka ngedere wanasahau kwamba yule ni mtu. Ngedere akishika hindi la kwanza tu, hapo ndipo anapokumbuka, na amechelewa. Kuongea ndiyo kabisa. Kwa siku nzima baba anasema maneno machache sana, na mengi kati ya hayo ni "Marahaba." Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Baba yako hana hasira, ana subira. Na subira ya mtu mwingine, mwanangu, inachosha."

Sasa mtu wa namna hiyo unampelekea mkwe mwenye maiki! Nilikuwa silali.

"Kaka hajakataa," shangazi alikuwa akinituliza. "Angekataa angesema. Anapeleleza tu." Kwetu ndivyo ilivyo. Posa haijibiwi mpaka mtu atumwe kimyakimya akamwangalie kijana kwa macho yake. Anasali? Anakunywa? Anafokea watu? Tulidhani baba atamtuma mmoja wa wajomba, na mimi kila nikiona mzee mgeni mtaani namsalimia mpaka nampokea mzigo.

Na shangazi akishaanza habari za ukwe, hamalizi mpaka amfikie mumewe, Bwana Amiri. Kwetu baba mkwe hatajwi jina. Unamwita baba, unamwita mzee, lakini jina lake unaliacha mdomoni kwa wengine. Bwana Amiri, ndoa yake ikiwa bado changa, alimwona babu yangu ng'ambo ya barabara akamwita kwa jina lake, tena kwa sauti, kama anaita kondakta. Jioni hiyohiyo akatozwa jogoo. Mtu baki akilitaja jina la babu, ni jina tu, hana kesi na mtu. Mkwe akilitaja, ni jogoo, na jogoo analiwa na baba mkwe huku mkosaji amekaa anatazama. Shangazi hapo huwa anapiga makofi. "Na supu hakupewa!"

Basi. Gregori akaleta picha mpya, picha ya vita. Latifu aliitazama kwanza peke yake, kama kawaida yake, halafu akaja dirishani kwangu uso umemshuka.

"Raudha, hii picha itaniua."

"Ina nini?"

"Watu wake hawaongei! Mji umezingirwa, theluji, njaa, watu wanapika mikanda ya suruali. Kuna wadunguaji wawili, wale wa kujificha na kulenga mtu mmojammoja kutoka mbali. Kijana kalala juu ya ghala la nafaka, mzee kalala kwenye mnara wa kengele, wa jeshi lingine. Wanaviziana. Picha nzima wanaviziana! Sasa mimi nitafsiri nini, pumzi?"

"Na wewe kaa kimya kama wao."

Akanitazama kama nimemtukania mama yake kule Soga.

"Inaishaje?" nikamuuliza.

"Kijana anamlenga mzee, paa, mzee anakufa. Steringi hafi, unajua, yeye ndiye shujaa wa picha."

Hilo kweli nilijua, hata watoto wa Picha ya Ndege wanalijua. Steringi wa Latifu kwanza hafi, na pili siku zote anaitwa Latifu. Awe Mhindi, awe Mchina, awe Mzungu mwenye masharubu, akishakuwa steringi jina lake ni Latifu. Adui naye anapewa jina la mtu wa mbali, ili asije akatokea mwenye jina hilo akavunja benchi. Watu wa Kibaha hatuwagusi. Tunagusa Kisarawe, tunagusa Bagamoyo.

Jumamosi, baada ya alasiri, banda likajaa. Mimi na shangazi tulikaa benchi la pembeni na karanga zetu. Picha ikaanza, kweli mji umekwisha, majumba yamebaki kuta tupu, watu wanavuka barabara wameinama, na ghafla mmoja anaanguka bila hata kusikia mlio. Latifu alikuwa motoni. Bomba likidondosha maji, analitafsiri. Paka akipita, anampa maneno. Kijana wa juu ya ghala akatokea, mwembamba, macho makubwa, na banda zima likajibu kabla hajamtaja: "Latifuuu!"

Halafu kamera ikapanda mnarani. Mzee kalala nyuma ya kengele iliyovunjika. Kipara. Kimya. Njiti ya kiberiti mdomoni, anaitafuna polepole. Mimi mwenyewe nilishtuka, maana alikuwa baba mtupu, kasoro rangi. Na Latifu alikuwa hajawahi kumwona baba kwa macho, lakini mimi kila jioni nilikuwa namsimulia, kipara, mswaki, ngedere, vyote.

"Na huyu hapa," Latifu akanguruma, "ndiye adui yetu, mdunguaji mkuu, Mzee Mwishehe wa Kisarawe!"

Karanga zikanimwagika. Shangazi akanifinya paja mpaka nikaona nyota.

"Mtazameni! Kipara hicho, risasi ikikigusa inateleza! Huyu mzee haongei, jamani. Ukimsalimia leo, anaitikia mwakani. Mji mzima umempelekea barua ya kuomba amani, amefanyaje? Ameikalia! Mfungo umeingia, mfungo umetoka, watu wanakufa na njaa wanasubiri jibu, yeye anatafuna mswaki!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Nilikasirika, haki ya Mungu nilikasirika! Posa ni yetu wawili, yeye anaitangaza kwenye spika? Heshima kaiacha wapi? Lakini pia nilikuwa nimebana mdomo na ushungi, maana nacheka, na kumcheka baba yako mzazi ni dhambi. Nikageuka nyuma ili shangazi asinione.

Benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa baba.

Kofia iko juu ya goti. Mswaki mdomoni. Katulia tuli, hata mimi macho yangu yalimpita mara ya kwanza nikadhani ni nguzo. Vijana wa kulia na kushoto kwake walikuwa wanacheka wanampiga kiwiko. "Mzee, unamwona Mwishehe? Unamwona?" Na baba anaitikia kwa kichwa, anamwona.

Hakutuma mjomba. Alikuja kupeleleza mwenyewe.

Sikumbuki nilivyoitoa simu. Ninachokumbuka ni kuwaza kwamba mimi sitaolewa, si na Latifu, pengine si na mtu yeyote, nitashona nguo za wenzangu za harusi mpaka nifumbe macho. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni changu. Nikaandika: BABA YANGU YUKO NDANI. BENCHI LA NYUMA. Nikatuma.

Latifu alikuwa katikati ya sentensi. "Sasa Mwishehe huyu, akilala, anakoroma kama..." Akatupia simu jicho. Na hapo Latifu, ambaye hanyamazi hata akilishwa, akanyamaza.

"Tafsiri!" watu wakapiga kelele. "Latifu, tafsiri! Anakoroma kama nini?"

Gregori akaingia mbio kutoka nje, anadhani mambo yake yameharibika. "Umeme umekatika?"

"Umeme upo," mtu akamjibu. "Latifu ndiye aliyekatika."

Wakacheka, wakapiga miluzi, wakachoka. Na picha ilikuwa inaendelea yenyewe, bila mtu wa kuisemea. Upepo. Kengele inalia kidogo. Pumzi ya yule mzee inatoka moshi. Kidogokidogo banda nalo likatulia, na mimi kwa mara ya kwanza nikaitazama picha ya Latifu bila Latifu. Mzee akatoa kipande cha mkate kwenye koti. Akakata nusu akala, nusu akaifunga vizuri akairudisha mfukoni. Alikuwa anamwekea mtu.

Maiki ikakwaruza. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, hata sikuitambua.

"Mimi huyu mzee sikumwelewa," Latifu akasema. "Mnisamehe. Huyu mzee si kwamba hajali. Nyuma ya huo mnara kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna binti yake. Huo mkate ni wa binti. Sasa kila anayekuja kutoka upande ule, mzee lazima ampime, amtazame anavyotembea, anavyoshika vitu vyake. Kwa sababu akimruhusu mtu mbaya apite, hakuna kurudi nyuma, binti ameondoka. Ndiyo maana hajibu haraka. Na mimi ningekuwa yeye nisingejibu haraka."

Hakuna aliyecheka. Mimi nililia, tena wazi, na shangazi akanipa ncha ya kanga yake. Sikuthubutu kugeuka nyuma. Nilimpenda Latifu wakati ule kuliko siku zote, na nilitaka kumnyonga.

Maana nilikuwa najua mwisho wake. Huwezi kubadilisha picha, watu wana macho. Kijana angemlenga mzee na mzee angekufa, na kijana tumeshamwita Latifu, na mzee tumeshamwita Mwishehe. Mchumba wangu alikuwa anakwenda kumpiga baba yangu risasi mbele ya baba yangu, kwa spika.

Jua la kwenye picha likachomoza. Mwanga ukapiga kioo cha bunduki ya mzee mnarani, kikametameta. Juu ya ghala kijana akauona. Akaanza kugeuza bunduki, polepole, polepole. Benchi zote zikaegemea mbele.

"Latifu! Latifu! Mpe moja!" vijana wakaanza.

"Ngojeni!" Latifu akaruka kwenye kiti. "Ngojeni, jamani, ngojeni. Nimekosea tangu mwanzo. Macho yangu! Huyu kijana anayelenga si Latifu."

"Ni nani?"

"Ndiye Mzee Mwishehe. Enzi zake, ana nywele zake zote. Mtazameni mkono ulivyotulia, mwingine ni nani mwenye mkono huo?"

"Na mwenye kipara je?"

"Mwenye kipara ni mimi," akasema Latifu. "Ndiye Latifu. Nimesubiri jibu la barua mpaka nywele zimekwisha."

Weee! Sijawahi kusikia banda lile likipiga kelele namna ile, hata siku ya mpira. Watu walipanda juu ya mabenchi. "Na binti?" mmoja akauliza. "Binti wa nani sasa?"

"Binti ni wa Mwishehe, hahami! Mimi ule mkate nilikuwa namwekea tu, nikitumaini."

"Steringi hafi!" wakapiga kelele. "Latifu, steringi hafi!"

"Leo anakufa," Latifu akasema. "Ana makosa."

Paa.

Mwenye kipara akaegemea kengele, kengele ikalia mara moja, akateleza chini taratibu. Kijana akashuka ghalani, akavuka barabara yote ile ya theluji bila kuinama, akapanda ngazi za mnara. Akapiga goti. Akavua kofia.

"Mzee wangu," Latifu akasema kwa sauti ya mtu anayekata roho, na kwa kweli hakuwa mbali, "umenipiga, na risasi yako ni halali yangu. Nimekusema vibaya bila kukujua. Lakini mimi nilikuja na barua tu. Sikuwa na bunduki."

Kijana akamfumba macho yule mzee. Theluji ikaanza kuanguka. Nikajikaza, nikageuka.

Mabega ya baba yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Halafu nikaona mswaki wenyewe unacheza mdomoni, na machozi kweli yalikuwepo, lakini si ya kilio. Baba yangu alikuwa anacheka. Nimezaliwa, nimekua, mama nimemzika, sijawahi kumwona akicheka vile.

Akasimama. Akautoa mswaki mdomoni. Nyumbani kwetu baba akiutoa mswaki mdomoni, hata kuku wananyamaza, na sijui watu wa Picha ya Ndege walijuaje, lakini nao walinyamaza.

"Wewe mwenye maiki."

"Naam, mzee," spika zikajibu.

"Mwishehe ni mimi."

Vijana wawili waliokuwa wakimpiga kiwiko wakasogea, mmoja huku, mmoja kule, mpaka benchi likabaki lake. Gregori akashika kichwa.

"Umenitaja jina langu mbele ya watu," baba akaendelea. "Lenye kipara na lenye nywele."

"Nisamehe, mzee wangu, mimi sikujua kama..."

"Sijamaliza." Baba akameza mate. Yalikuwa maneno mengi kwake, nikaona yanamchosha. "Nadai jogoo."

Latifu akaishusha maiki.

Gregori, ambaye ni mtu wa bara na mambo yetu hayajui, akaja mbele amekunja mikono kwa adabu. "Mzee, samahani sana. Faini tutalipa, banda ni langu. Lakini mbona jogoo? Si ungetaja tu..."

Hakumaliza. Shangazi Zuleha alikuwa ameshapanda juu ya benchi, na kigelegele alichopiga nadhani walikisikia Mlandizi.

"Kaka! Umesema jogoo?"

"Nimesema jogoo."

"Wewe Gregori, jogoo hatozwi mtu baki!" Shangazi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mtu baki akilitaja ni jina tu! Jogoo anatozwa mkwe! Mkwe peke yake! Mmesikia? Kaka amejibu!"

Wanawake wakapokea vigelegele, benchi kwa benchi. Maiki ikamponyoka Latifu, ikapiga mlio wa kukera masikio, na hakuna aliyejali. Mimi nilikaa palepale. Nilikuwa nacheka tu, nacheka na karanga zangu zote ziko chini.

Na watu, badala ya kutoka, wakabaki wanamtazama Latifu. Kwenye televisheni picha ilikuwa imekwisha, yale majina meupe yanapanda juu, yanapanda, yale ambayo hakuna anayeyasoma. Baba akakaa tena. Akaweka kofia kichwani, akaitengeneza vizuri.

"Hayo maandishi yanayopanda," akauliza, "hayatafsiriwi?"

Latifu akaiokota maiki. Akaitazama televisheni, akalitazama benchi la nyuma, kisha akanitazama mimi, na mimi nikamwashiria: sema, wewe si una mdomo?

"Yanatafsiriwa," akasema. "Yanasema, Mzee Mwi..."

Akajikata. Akaanza upya.

"Yanasema shikamoo, baba."

Baba akaurudisha mswaki mdomoni.

"Marahaba," akasema.